Piano Iliyowaita Watu na Majembe

Siku ya kwanza nilipomsikia Mwalimu wa Kinanda akiupiga ule muziki wake kuanzia mwanzo, watu walikuja na majembe. Sitanii. Niliona kwa macho yangu, nimesimama kwenye mlango wa darasa la sita, chaki mkononi. Piano ilikuwa chumba cha pili, na dirisha lilikuwa wazi. Mkono wake wa kushoto ulishuka kule chini kabisa ambako piano inanguruma, ukatoa sauti tatu nzito, ya tatu ikavutwa mpaka ikafa yenyewe. Kisha mkono wa kulia ukajibu huko juu, sauti ndogo tu, mtu ungesema ni mluzi. Ng'ambo ya bonde nikamwona mzee mmoja ananyanyuka shambani, anatega sikio, anabeba jembe lake. Nyuma yake akafuata mwingine. Haikupita nusu saa uwanja wa shule ulikuwa na watu kama thelathini, majembe begani, wanauliza ndiva ipi imebomoka.

Mimi ni mtu wa tambarare. Nimekulia Kifaru, na baba yangu alikuwa mkata mkonge. Upareni juu nilipelekwa na barua ya kupangiwa kazi, mwalimu mpya wa daraja C, sanduku moja la bati na viatu visivyofaa kwa mlima. Sikujua kwamba huko juu ya Same baragumu, ile pembe ya tandala, ikilia mara tatu namna ile ni mwito wa msaragambo: kila nyumba itoe mtu, watu waende kazi ya wote. Mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia. Asiyekwenda alitozwa faini. Hayo yote nilielezwa baadaye. Siku ile nilishtuka hata chaki ikaniponyoka.

Yeye alitoka nje akawatazama wale watu. Alikuwa mtu mwembamba, sweta la kahawia, suruali imepigwa pasi hadi mstari unakata. Hakucheka.

"Rudini makwenu," aliwaambia. "Haikuwa pembe."

"Mwalimu, pembe tunaijua," mzee mmoja akamjibu. "Ajabu ni kwamba leo anayetuita ni yule asiyekuja."

Watu wakaangua kicheko, wakageuza njia. Yeye akarudi ndani akafunga dirisha, na tangu siku hiyo hakulifungua tena akiwa anapiga, hata jua liwe kali namna gani.

Kila mtu alimwita Mwalimu wa Kinanda, hata mkuu wa shule, hata watoto wa chekechea waliokuwa hawajui kinanda ni nini. Jina lake ninalo, lakini halinijii mdomoni. Nikilitaja naona nazungumza habari za mtu mwingine.

Piano yenyewe ilitoka chini, nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge. Baada ya Azimio la Arusha shamba likawa la umma, meneja akaenda zake, na piano ikabaki stoo chini ya magunia. Mwalimu wa Kinanda alikuwa amejifunza kupiga chuoni, kwa wamisheni, kwa hiyo akaenda kuiomba. Wakamwambia ukiweza kuibeba ni yako, wakijua haibebeki. Hawakuwajua Wapare. Pembe ikapigwa, kijiji kikateremka na miti na kamba, wakaipandisha siku mbili, wanawake wakiimba mbele. Kwenye kona moja mguu wa piano ulivunjika, fundi akachonga mwingine wa mkaratusi, na ukiitazama mpaka leo utauona, mweupe na umepinda kidogo. Walionisimulia walikuwa na neno moja la kuongezea, kwamba siku zote mbili mwenye piano hakuweka bega hata mara moja. Alitembea mbele amebeba kistuli cha kukalia mpigaji.

Alikuwa na mambo yake. Kabla ya kugusa piano alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaitazama pande zote mbili. Ukimwambia umepiga vizuri alijibu, "Tena." Ukikosea alijibu, "Tena." Neno lilikuwa hilohilo na uso uleule, mpaka ujue mwenyewe ni tena ya namna gani. Kupigiwa makofi alikuchukia. Alisema makofi ni ya mnadani, mtu akishanunua ng'ombe.

Na makande yake. Alikula akichambua, maharage kwanza, mahindi mwisho, jambo lililonikera sana. Siku moja nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, lakini makande hayaliwi hivyo." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaanza somo. Muziki wangu, alisema, ndiyo makande yasiyochambuliwa. Mahindi ni mwito. Kila kijiko unayakuta. Kinachobadilika ni kile kinachokuja na mahindi. Akaweka kijiko chini, akanipigia mezani kwa vidole: mwito, kazi ya kwanza, mwito, kazi ya pili, mwito, ya tatu, halafu mwito wa mwisho. Umbo la muziki wake lilikuwa hilo tu, na mimi nililielewa kwa sababu ya chakula.

Alinichagua nijifunze kwa kuwa nilikuwa na vidole virefu, na vyake vya mkono wa kulia vilianza kukakamaa. Kila alasiri, watoto wakishaondoka, tulikaa pale. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuzoa tope: mikono yote miwili pamoja, sauti nne tano kwa mpigo, nzito, inakwenda inasimama. Ya pili ilikuwa ya wanawake wanaopokezana mawe kwa mstari huku wanasengenya, mkono wa kulia unarukia juu ya wa kushoto na kurudi, mbio, na kuna mahali mmoja anacheka. Hiyo niliipenda sana. Kila baada ya sehemu mwito ulirudi, sauti tatu za chini, na kila mara ule mluzi wa juu uliitikia upesi, kabla mtu hajavuta pumzi, ukipanda na kumalizikia chini.

Sehemu ya tatu haikuwa na kazi yoyote. Mkono wa kushoto unagonga sauti mbili tu, mbili tu, maji yanadondoka mahali. Wa kulia unatembea kwenye meno meusi ya piano, unauliza, unarudi, unauliza palepale. Sikuipenda. Kisha unakuja mwito wa mwisho, na baada yake, pale ambapo mluzi ungejibu, karatasi ilikuwa tupu.

"Mwalimu, hapa umesahau jibu."

"Sikusahau."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Mikono magotini, hesabu nne. Halafu piga ile ya chini moja, umalize."

Nilishindwa. Vidole vilikuwa vimezoea, mwito ukilia vinajibu vyenyewe. Nilipojibu alifunga macho. "Tena," alisema. Huenda tuliyarudia hayo mara mia, na sikuwahi kumwona akikasirika kwa lolote ila kwa nafasi ile tupu.

Sasa nitasema mambo yake yaliyonishinda. Mtu huyu aliyeandika muziki mzima wa msaragambo hakuwa akikanyaga msaragambo. Pembe ikilia aliingia ndani, na kesho yake alipeleka debe la maharage la faini, bila kulalamika, tangu miaka ya Uhuru. Watu walisema ni majivuno ya usomi. Nikamuuliza, akaniambia ana kifua. Kifua gani, na mimi nilimkuta Jumamosi alfajiri anapanda kilima na mzigo wa kuni ambao punda angeufikiria mara mbili? Aliutua kwenye ua wa mjane mmoja, Mama Nakiete, akaondoka haraka bila kubisha hodi. Jua lilipotoka yule mama alizibeba kuni zilezile, akazileta jikoni kwa shule. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Yeye anapeleka, mama anatoa. Na njia ya kupita ndivani, ambayo ni fupi, Mwalimu hakuipita kamwe. Alizunguka kilima kizima. Niliyaona yote hayo na sikuyaunganisha. Nilikuwa kijana, najiona mjanja kwa sababu najua kupiga piano.

Kisha kijiji chetu kikawa cha Ujamaa. Nyumba za mabondeni zilivutwa zikapangwa kandokando ya barabara, ofisi ikajengwa, na ikatangazwa kwamba mgeni rasmi atapanda kutoka mjini kukizindua. Ngoma zitakuwepo, kwaya itakuwepo, na piano itatolewa uwanjani. Mwalimu wa Kinanda alinifundisha kwa miezi. Wiki ya mwisho alinishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Binti wa Kifaru," aliniambia, ndivyo alivyoniita, "ipige yote. Usiache hata jino moja. Kuna mtu mmoja nimemtumia mzee wa kanisa amwombe aje asikilize, na amekubali. Kukubali kwake kumenichukua miaka. Hao wengine wote wanakuja kwa ajili ya mgeni rasmi."

"Ni nani, Mwalimu?"

"Wewe piga."

Asubuhi ya sherehe katibu wa tawi akaniita pembeni. Alinisikia kwenye mazoezi, akasema, na muziki ni mzuri, wa kazi, unafaa. "Lakini ile sehemu ya tatu ni ya matanga. Mgeni rasmi anakuja kuona maendeleo. Hiyo iache."

"Muziki ni wa Mwalimu wa Kinanda, ndugu katibu."

"Na kijiji ni cha nani?" akaniuliza, bila ukali wowote. "Wewe bado hujathibitishwa kazini, siyo?"

Sikuwa nimethibitishwa. Nilikuwa na mama Kifaru na wadogo zangu wanne. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ndivyo ilivyokuwa. Nikajiambia dakika tatu katika muziki mrefu vile, nani atajua.

Nilipiga. Mwito wa kwanza ulipolia wazee walicheka, wakainua majembe juu kwa utani. Tope likapita, wanawake na mawe yao wakapita, watu wakawa wanatikisa vichwa. Mwito ukaja, mluzi ukajibu, na mimi nikairuka ile sehemu ya tatu, nikaenda moja kwa moja kwenye mwito wa mwisho. Kwa pembe ya jicho nikamwona Mwalimu wa Kinanda anasimama. Alivaa kofia yake, akapita katikati ya viti, mbele ya mgeni rasmi, akaondoka. Nilikuwa tayari nimepiga zile sauti tatu, na mbele yangu ipo nafasi tupu, katibu ananikodolea macho, na kimya kile kingeonekana nimesahau. Basi nikajibu. Nikaupiga mluzi, tena nikaumalizia juu, kwa furaha, kama inavyofaa kwenye sherehe. Makofi yakapasuka uwanja mzima.

Mkuu wa shule ndiye aliyenieleza, jioni, tukirudisha piano ndani. Alidhani najua. Kila mtu alidhani najua, na ndiyo sababu hakuna aliyesema. Kule kifo cha mtu hakitajwi mbele ya aliyekisababisha. Mwaka wa Uhuru Mwalimu wa Kinanda ndiye alikuwa mpiga baragumu. Kijana, ametoka chuoni, kifua mbele. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na wazee wakasema ukuta wa ndiva umelowa, tungojeni. Yeye akasema Uhuru na Kazi, kazi haingoji. Akapiga pembe. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akiitikia siku zote, kwa mluzi, kutoka mteremko wa pili, kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliitikia. Akafika wa kwanza, akashuka kuzibua mkondo, na ukuta ukamwangukia. Walimtoa baada ya siku nzima ya kuchimba. Mjane wake alikuwa Mama Nakiete, na tangu siku hiyo hakumwambia shemeji yake neno, hata la salamu. Ndiye aliyekuwa ameombwa aje asikilize.

Nilikaa chini pale sakafuni. Nilikuwa nimeupiga mluzi wa marehemu mbele ya mjane wake, na ile sehemu ambayo mtu alikuwa akiomba msamaha kwa miaka yote ya Uhuru, nimeikata ili mgeni rasmi asinune. Asubuhi nilikimbia nyumbani kwake. Mlango ulikuwa na kufuli. Alikwishateremka Same, na baadaye tukasikia amehamia shule ya huko. Mimi mwezi wa Januari nikaomba uhamisho kwenda Mwanga, na nilithibitishwa kazini, ndiyo, karatasi ninayo.

Miaka minane sikupanda mlima ule. Zilikuwa zimeingia siku za foleni za sukari na sabuni nilipopata mwaliko wa harusi ya mwanafunzi wangu mmoja, nikaona aibu kukataa. Natoka kanisani, nikaguswa bega. Mama Nakiete. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga kinanda."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yanagongana. Nikamwambia kuna sehemu niliikata, ilikuwa yake, na ule mluzi wa mwisho haukuandikwa, niliubandika mimi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sikuja siku ile kusikia anavyolia," akasema. "Kulia kwake nakujua, alilia makaburini mbele yangu. Nilikwenda kwa sababu nilichoka. Nikasikia pembe, nikasikia mume wangu anaitikia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema moyoni, sasa inakuja ile iliyomwua, hapo atanyamaza. Hakunyamaza. Aliitikia. Nikaona basi, hata yeye mwenyewe aliyeitwa hana kinyongo, mimi ninacho cha nani?"

Akakaza kanga yake kiunoni, akaendelea.

"Jioni ile nilifagia ua nikamngoja. Jumamosi iliyofuata nikamngoja. Nikaambiwa amehama. Zile kuni zake za mwisho, alizozitua alfajiri ya sherehe, sikuzipeleka shule. Ziko darini kwangu mpaka leo."

"Mama, kwa nini hukutuma mtu amwambie?"

"Mwenye kosa ndiye hubisha hodi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo linalojulikana. Kisha akatazama upande wa bonde. "Mwambie Jumamosi kuna msaragambo wa ndiva. Sitaki debe lake la maharage. Aje."

Nilimkuta Same, nyuma ya soko, nyumba ya chumba kimoja, na katika joto lile bado amevaa sweta la kahawia. Vidole vilikuwa vimejikunja vyote. Piano hakuwa nayo, ilibaki mlimani. Alikuwa na meza, na juu yake daftari la muziki, lilelile. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa: katibu, nilivyokata, nilivyojibu pasipo na jibu, na maneno ya Mama Nakiete, moja baada ya jingine, hadi zile kuni.

Nilihesabu nne, nikahesabu nne nyingine.

"Uliujibu vipi?" akauliza. "Nionyeshe."

Nikaimba ule mluzi wangu wa siku ya sherehe, nikaumalizia juu.

"Siyo hivyo," akasema. "Alikuwa anamalizia chini. Siku zote chini. Tena."

Nikaimba tena, nikaumalizia chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akalifungua daftari ukurasa wa mwisho, penye ile nafasi ambayo nilikatazwa miezi yote ile nisiijaze, akachukua penseli kwa ngumi kwa sababu vidole havikushika, akaziandika nota zile moja moja. Zilikaa upande upande, kubwa, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Akalifunga.

"Landrova ya kupanda ni saa ngapi?"

"Saa nane, Mwalimu. Lakini leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani." Akasimama, akavaa kofia yake, akafika mlangoni, akasimama hapo akitazama kona za chumba chake, ile ya kitanda, ile ya mtungi, nyuma ya mlango. Kisha akanigeukia, na uso ule niliouogopa ujana wangu wote ulikuwa umeduwaa kabisa.

"Binti wa Kifaru," akasema, "sina jembe."

Nikatoka nikaenda kubisha hodi kwa jirani yake, nikamwazimia Mwalimu moja.